Kori 12 zimelala, leseni tunailipia

Mhariri,

Nasoma gazeti lako kimya kimya hapa Ngamiani zaidi ya miaka kumi, na nilikusudia kufa bila kukuandikia. Lakini ile habari yenu ya wiki iliyopita, ya kuvisifu vyama vya akiba na mikopo kwa kuhamia kwenye kompyuta, imenishinda. Mwandishi wenu hakuuliza leseni, yaani kibali cha kutumia programu, inahesabiwaje.

Mimi ni mtunza hesabu wa chama kimoja kidogo. Seva yetu ya zamani, ile kompyuta kuu ya ofisi, ilikuwa na kori nne, yaani viini vinne vya kazi ndani ya prosesa, ubongo wa kompyuta. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ikaungua. Tukachanga, tukaenda dukani, tukaambiwa za kori nne ni shida kupatikana, chukueni hii ya 16, bei hazipishani sana. Tukachukua na asante juu. Wakala wa programu ya hifadhidata, yaani daftari letu la kwenye kompyuta, alipokuja hakuuliza tuna wanachama wangapi wala tunaandika mikopo mingapi kwa siku. Alipiga magoti, akasoma kibandiko cha seva, akatoa kikokotoo: leseni mara nne ya ile ya zamani! Makarani ni wale wale wawili, daftari ni lile lile, na kori 12 zimelala fofofo tangu tufungue mpaka tufunge. Muuza nazi gani huyu, anayetaka kwanza kujua mbuzi yako nyumbani ina meno mangapi ndipo akutajie bei?

Wakubwa wa biashara hiyo ya hifadhidata ndio hivyo hivyo. Microsoft wanahesabu kori tangu toleo la 2012 la hifadhidata yao, SQL Server, na prosesa yenye kori mbili utailipia nne. Oracle, kwa toleo lao kubwa la Enterprise, kori za prosesa za Intel na AMD wanazizidisha kwa 0.5. Kwa seva kama yetu hizo ni leseni nane, na kila moja kwenye orodha yao ni dola 47,500. Bado asilimia 22 ya bei hiyo kila mwaka kwa ajili ya huduma.

Na hizo dola! Kuna mwenye nyumba Raskazone kanitajia kodi kwa dola, utadhani dirisha lake linatazama New York, si kisiwa chetu cha Toten.

Naomba kila boksi la seva libandikwe karatasi ya njano yenye bei ya leseni kwa shilingi, maandishi makubwa kama yale ya "mali ikishauzwa hairudishwi". Likishindikana hilo, niletewe fundi mwenye koleo aje aning'olee kori 12. Chai nitampa.

Mtunza hesabu,
Ngamiani, Tanga