Omosh, ile honi ya Awasi ilikuwa yako

Omosh ndugu yangu,

Niaje jaduong', watu wa nyumbani wako salama? Huku Nakuru tuko, baridi ya asubuhi imerudi, mtoto alikuwa na homa wiki jana lakini saa hii ni mzima, anapanda viti. Najua nimenyamaza tangu matanga ya mzee wa Wafula, na ile pesa yako ya jeki sijaisahau, mwisho wa mwezi inakufikia. Lakini sio hio inanikalisha macho usiku huu. Jumapili nilikupigia mara nne hukushika, sasa wacha niandike na wewe usome yote, usiruke.

Hio Jumapili nilikuwa nakuja Kisumu na matatu, nduthi yangu, hii pikipiki, iko gereji, nimekaa mbele na dereva. Tukipita Awasi hivi nikaona pikipiki ya Boxer nyekundu na hio jaketi yako ya kijani, nikamwambia dereva huyo ni mtu wangu, hebu mpigie honi. Akapiga. Hukugeuka. Akapiga tena mara mbili, ndefu. Wapi! Sasa nyuma yetu kulikuwa na lori la miwa, likatupita, likaanza kukupita na wewe, na hapo hapo ukaona shimo mbele ukavuta kulia. Omosh, kati ya ubavu wa hilo lori na kiwiko chako hapakuwa na nafasi ya kupitisha gunia tupu. Dereva alisema "Yesu" akanyamaza mpaka Ahero. Na wewe ukaendelea tu, kichwa kinacheza, waya mweupe umetoka chini ya helmeti.

Sikuandikii uache muziki. Mimi mwenyewe siwezi kupanda kutoka Salgaa hadi Mau Summit kimya kimya, barabara ni ile ile, malori ni yale yale, bila nyimbo usingizi unakuchukua. Lakini kitu inakula masikio yako sio hio ngoma yako ya ohangla, ni upepo, na ndio maana nataka tuongee.

Injini ya Boxer haina makelele hivyo. Ukishapita kilomita 80 kwa saa ile "vuuu" yote ni upepo, unaingia na huku chini kwa shingo unazunguka ndani ya helmeti. Ukikaribia 100 ndani ya hio helmeti kelele mara nyingi imefika desibeli 95, hicho ndicho kipimo cha kelele. Wataalamu wa masikio wanasema 85 unaweza vumilia saa nane kwa siku, halafu kila ikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hivyo 94 ni saa moja pekee. Sasa Nakuru hadi kwako ni kama kilomita 180, si hio ni saa tatu na kitu? Na huo ni upepo peke yake, bado hujaweka wimbo. Wewe unaongeza sauti mpaka muziki ushinde upepo. Ukishinda 95, ndani ya sikio umeweka ngapi?

Mimi nimeenda hivyo miaka sita. Nikifika nyumbani jioni watu wanaongea kama wako ndani ya pipa, nalala, asubuhi masikio yamefunguka, nasema si yamepona. Halafu asubuhi moja hayakufunguka vizuri, na sikio la kushoto likaanza mlio kama wa nyenje, mpaka leo hainyamazi. Mwezi wa tatu mteja wa Njoro akaniambia kwa simu mifuko sita ya chakula cha ng'ombe, mimi nikamfikishia tisa. Hapo mama watoto akaniambia enda upimwe. Wanakuweka kwa kachumba, unavaa hedifoni, unafinya kitufe kila ukisikia mlio. Karatasi ikatoka, ule mstari umekuja sawa sawa halafu ukifika hezi 4000, kwa milio ya juu ile myembamba, umeanguka kama mtu ametumbukia kisimani, mbele kidogo ukapanda tena. Daktari akauliza, "Unaendesha pikipiki?" na sikuwa nimemwambia kazi yangu. Akanieleza huko juu ndiko herufi kama s na f na t hukaa, ndio maana sita na tisa zimekuwa ndugu kwangu, na vile vinywele vya ndani ya sikio vikishakufa havimei tena.

Huyo daktari ndiye alinipea vizibo, vile vya sponji vya rangi ya machungwa wafanyakazi wa viwanda huvaa. Nilimuuliza, sasa daktari nikiziba masikio si ndio sitasikia lori? Akasema jaribu kwanza.

Nikajaribu Salgaa, pale petroli. Unakiviringisha na vidole mpaka kinakuwa chembamba, mkono wa upande wa pili unapita nyuma ya kichwa unavuta sikio juu na nyuma, unakisukuma ndani, unakishikilia na kidole hadi uhesabu thelathini. Utasikia sponji ikijaa pole pole na dunia ikienda mbali. Nikavaa helmeti nikapanda mlima. Omosh, ile "vuuu" ilibaki kama redio ya jirani. Na nikifika karibu na Sachang'wan nikaanza kusikia tak, tak, tak. Nikasimama kando. Cheni imelegea inapiga chuma, tena chuma kimeshachimbika, hio kitu imekuwa ikilia wiki na wiki na mimi juu yake sijui! Nikaikaza nikaendelea, na lori likija nyuma nikalisikia dereva akibadilisha gia kabla sijaliona kwa kioo. Ni vile sikio halijalewa upepo. Nimeziba nikasikia zaidi, sijui nikwambie aje ndio uamini.

Muziki sasa. Tupa hizo hedifoni za waya. Mimi nimeweka spika nyembamba za Bluetooth ndani ya helmeti, nyuma ya kitambaa, mkabala na tundu la sikio kabisa, zikihama sentimita mbili husikii kitu, kwa hivyo zipange polepole ukiwa umevaa. Na usichonge ile sponji nyeupe ngumu ati upate nafasi ya spika, hio ndio inabeba kichwa chako siku ukianguka. Ngoma na besi zinapita kizibo vizuri, gitaa linakuwa kama liko chumba cha pili, lakini maneno unashika yote na sauti iko chini. Mimi huiweka nikiwa nimesimama, vile mtu akiniita kutoka hatua tatu nne namsikia, nikiondoka siigusi tena. Nikifika 90 wimbo ukizama, napunguza mwendo ama nauacha uzame. Nikiingia mjini ama senta yoyote yenye watu nazima kabisa. Unakumbuka Londiani Junction, Juni 2023, lile lori lililoacha barabara likaua watu zaidi ya 50, na wengine walikuwa wamesimama tu kando ya barabara wakingoja wateja? Kila nikipita hapo nazima muziki, na sio kwa sababu ya trafiki.

Kiprono najua amekuambia uweke sikio moja tu, lingine liwe wazi la kusikia magari. Hio nimeifanya mwaka mzima. Sikio lililo wazi linaliwa na upepo, na lile lingine unaliongezea sauti ndio lishindane, sasa umeharibu yote mawili na hujasikia magari. Na zile hedifoni za Wafula za kuzima kelele ni nzuri kwa ndege na kwa basi, lakini zikipigwa na upepo maikrofoni zenyewe zinachanganyikiwa, na kitu zinajua kuzima sana ni mngurumo mzito wa chini. Sasa wewe niambie, lori hunguruma wapi?

Kitu kingine kidogo, funga skafu shingoni ijaze hapo chini ya helmeti, inasaidia kushinda unavyodhani. Na kile kioo cha mbele ulichofungiwa na fundi wa Kondele, ukiwa barabara tupu inama kidogo halafu ujiinue kidogo. Kelele ikibadilika ujue ukingo wa hicho kioo unakurushia upepo kwa helmeti, mwambie akishushe ama akitoe.

Nimempa dereva wa shato pea kumi za vizibo kwa bahasha ya kaki, jina lako liko juu, atakuwa steji Alhamisi kabla ya saa saba. Vikichafuka tupa, usiviweke na mafuta ya cheni mfukoni. Mpe na Kiprono pea moja hata kama atacheka.

Sasa nijibu. Masikio yako yanalia ukilala? Achieng' anakwambia unaongeza TV sana? Hio helmeti bado inafungika kidevuni ama ile kamba ilikatika? Njia ya Kericho unaenda mara ngapi kwa wiki siku hizi, na ni nani alikufundisha kuvuta kulia bila kuangalia kioo? Mbona hukushika simu yangu Jumapili, ulikuwa umelala ama hukuisikia?

Na lile lori la miwa, uliliona? Nijibu hilo kwanza kabla ya hayo mengine.

Ni mimi ndugu yako,
Kamaa