Neema mwanangu, miwani usivue

Neema mama, nimekupigia mara tatu hupokei. Najua uko kwenye mambo ya usajili, kwaiyo naandika, na usome mpaka mwisho usinijibu kidole gumba tu kama unavyofanyaga.

Jana usiku baba yako kanionyesha klipu kwenye grupu la wazazi, mwanafunzi kamwagikiwa asidi maabara, sijui chuo gani wala nchi gani, nimeangalia mara moja nikamrudishia simu yake. Alafu nikakumbuka ulivyosema jumatatu ndo prakitiko yenu ya kwanza, kuangalia seli zikigawanyika kwenye ncha za mizizi ya kitunguu. Sijalala. Mwanangu, miwani ya maabara uvae kabla hujashika chupa yoyote, sio ukishaanza. Kama chuo hakina za kutosha we subiri zamu yako, ata wakuite muoga.

Maana hiyo prakitiko watu wanaichukulia poa kwa sababu ni kitunguu. Kitunguu hakina neno, tatizo ni asidi ya haidrokloriki mnayoipasha moto nyuzi 60 alafu mnatumbukiza ncha dakika kama tano hivi. Kazi yake unaijua, inayeyusha pektini, ile gundi inayoshikisha seli na seli, ndo maana ukibonyeza zinatawanyika unaziona moja moja, bila hivyo utabonyeza mpaka kesho utaona bonge. Ni kama viazi tu, vikiiva vinavurugika maana gundi imelegea. Sasa kinachofanya hivyo kwenye mzizi jiulize kwenye jicho itakuwaje. Na ukizimua, asidi ndo inaenda kwenye maji, maji hayaendi kwenye asidi. Ikikurukia, maji ya bomba yatiririke dakika 15 bila kuacha ndo mengine yafuate.

Nimekuwekea vitunguu sita vya baba yako kwenye lile begi la bluu mfuko wa pembeni. Usivile. Vianze ijumaa, kwangua ile mizizi mikavu ya zamani kitakoni bila kukata kitako chenyewe, chomeka vijiti vya meno kikae mdomoni mwa glasi, maji yaguse kitako tu, kikizama kinaoza. Jumatatu utakuwa na mizizi mipya myeupe. Kata ncha, milimita mbili inatosha, seli zinazogawanyika ziko palepale mwishoni, ukiona seli ndefu ndefu ujue umekata juu mno. Ukishaweka rangi na kava slipu, kile kioo chembamba cha kufunikia, gonga taratibu na kitako cha penseli alafu bonyeza na gumba wima, usisugue, ukisugua umeharibu.

Na usipaniki ukiona seli nyingi zimekaa tu na viini vyake vimetulia, ndivyo ilivyo, zinazogawanyika ni chache wakati wowote. Tafuta ile ambayo kromosomu, zile nyuzi za ndani ya kiini, zimejipanga mstari katikati kama watoto paredi asubuhi, hiyo metafezi, hizo za anafezi utaziona zinavutwa huku na huku mikia imebaki nyuma. Kitunguu kina kromosomu 16 na ni nene, ndo maana kila shule kinatumika chenyewe. Mwalimu atauliza tofauti na seli ya mnyama, watu watakimbilia kloroplasti, zile chembe za kijani, na wewe nakujua maana mtihani wa moku ulichora kloroplasti kwenye ngozi ya kitunguu! Mtoto wa mwalimu wa bayolojia! Yale maganda ya ndani hayaoni jua, klorofili itoke wapi? Niliona aibu sijakwambia. Lakini matokeo ya mwisho yalipotoka karatasi ile nilitembea nayo kwenye pochi wiki mbili, nayo sijakwambia.

We jibu ukuta. Seli ya mnyama ikigawanyika inajikaba kiunoni mpaka inakatika, ya mmea haiwezi kujikaba maana ina ukuta mgumu wa selulosi kwaiyo inajenga, na inaanzia katikati ya chumba kwenda pembeni mpaka inakutana na kuta za zamani. Hakuna fundi anayejenga hivyo. Nimefundisha miaka 19 na bado nikiiona nasimama.

Miwani, Neema. Na chupa isiyo na lebo usiiguse wala usinuse, ata mwenzako akuapie kwamba ni maji.

Habari ya mkono wako unaijua siirudii. Ila ile chupa ya soda ndugu yako Baraka hakuitoa popote, alikuwa na miaka minne angefikaje lile kabati la juu. Maabara ya shule ilikuwa inapakwa rangi, nikaja nayo nyumbani siku mbili tu, lebo nikasema nitaandika jioni. Baraka mwenyewe anaamini ni yeye. Ukimpigia usianze wewe, niachie, nitamwambia mwenyewe mitihani yake ikiisha.

Huku salama. Bei ya vitunguu imekaa vibaya, madalali wamekuja Mang'ola wanataka rumbesa, baba yako kawafukuza alafu jioni kawapigia simu. Kuku wako mweusi katotoa saba. Mkopo ukitoka usinunue simu kwanza, nunua godoro, hilo la hosteli nimeliona kwenye picha yako limebonyea. Na yule rafiki yako aliyekuja kuaga hakurudisha kanga yangu, muulize kistaarabu.

Kingine, usishtuke ukirudi likizo, chumba chako tumekigawa. Upande mmoja anakaa mwalimu mpya wa hesabu, analipa vizuri na ndo inayokuja kwenye nauli yako. Fundi kaanza ukuta jumamosi, kaanzia dirishani. Kitanda chako na vitabu viko upande wa mlango, sijagusa kitu, ila lile daftari lako la bayolojia nimelichukua nina kipindi nalo kidato cha tano kesho.

Ukivaa hiyo miwani jumatatu nitumie picha.

Mama