Mwanangu, kabla hujaenda Brands Hatch

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, bibi yako magoti yamemtulia. Ujumbe wako nimeusikiliza, na ile karatasi ya masharti ya uwanja nimesomewa na mtoto wa jirani kwa sauti mbele ya wateja wangu wa kushona. Sasa mtaa mzima wa Ngamiani unajua unakwenda kuendesha pikipiki Brands Hatch, uwanja wa huko Uingereza ambao magari ya Formula 1 yalishindana hadi 1986. Sikumwambia apunguze sauti.

Ila mimi nimeshika jambo moja: koti na suruali viungane kwa zipu. Umenunua mtumba, koti la mtu huyu na suruali ya mtu yule, halafu unaniambia "zipu ipo, mama." Ipo wapi? Makoti mengi ya ngozi yana zipu fupi ya mgongoni tu, shibiri moja. Nataka inayozunguka kiuno chote. Mtu akianguka akaserereka juu ya lami, koti hupanda na mgongo ukabaki wazi. Tena zipu za viwanda viwili hazishikani hata uzibembeleze. Meno ya namba 5 hayaumani na ya namba 8, hilo unalijua tangu hujaanza shule. Kama hazishikani, mpe fundi azitoe zote mbili aweke mpya. Uzi uwe wa nailoni, si wa pamba, na mishono isibanane. Ngozi ikitobolewa tundu halizibi, na matundu yakikaribiana itachanika penye mshono wenyewe.

Chini ya hiyo ngozi vaa nguo nyembamba ya kubana, mikono mirefu, maana jasho likigandisha ngozi mwilini hutaweza kuivua ukitaka kwenda chooni. Chukua mbili. Ndani ya helmeti vaa ushungi wa kuvuta, pini usiweke hata moja, na hereni uache nyumbani. Vizibo vya masikio. Maji mengi, ndizi, karanga. Kahawa tupu si chakula, na najua ndivyo unavyoishi huko.

Mjomba wako anasema ubebe geji ya upepo, kwa sababu tairi likipata moto upepo unapanda na itabidi uupunguze. Mafuta ya cheni, spana, gundi ya karatasi ya kufunikia taa na vioo, petroli ya akiba. Na mkono wa breki na wa klachi wa ziada, pikipiki ikilala ndivyo vinavyotangulia kuvunjika. Pedi za breki zikague nyumbani, si kule. Leseni iweke tayari usiku, wasikurudishe mlangoni. Anasema pia mlio wa ekzosi hupimwa kabla mtu hajaingia. Kuhusu ekzosi yako mimi sisemi kitu. Bima uliza upewe jibu kwa maandishi, kwani nyingi za barabarani haziingii uwanjani.

Hiyo kona ya kwanza, Paddock Hill, umesema inashuka na mtu haoni inakoishia. Basi jiandikishe kundi la wanaoanza. Wewe tangu zamani hutaki kuitwa mwanafunzi, na baba yako alikuwa hivyo hivyo. Ufunguo wa pikipiki yake, ule mliojua umepotea, uko kwenye kopo la vifungo. Ukija uuchukue.

Zipu je, umeijaribu ukiwa umeinama? Kusimama mbele ya kioo si kujaribu. Inama kama uko juu ya tangi, mtu alivute koti kwa nyuma kwa nguvu, uone kama linaachia. Nitumie picha kabla ya Ijumaa, zipu ikiwa imefungwa. Picha yako wewe unacheka ninazo nyingi.

Huku sare za shule zimerundikana na overloki inakata uzi. Hela ya mabati imeingia kwenye mota ya cherehani, usimwambie kaka yako mpaka nimwambie mwenyewe. Ukipata mtu anayekuja Tanga, mpe sindano za ngozi, zile za ncha ya kukata, namba 16 na 18. Kuna mteja ameniletea viti vya gari, na nilizonazo zinakatika.

Mama yako