Nyeusi ni rangi, giza si rangi

Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu galaksi, yaani mikusanyiko ya mabilioni ya nyota, niliisoma hapa mwaloni Katonga, nimekalia ndoo nikisubiri mitumbwi. Hongereni kwa kutoa ukurasa mzima kwa jambo lisilo na kura wala goli. Ila ile maada isiyoonekana, ambayo uzito wake unazishikilia galaksi zisitawanyike, mmeiandika "maada nyeusi" mara nne, na mchoraji wenu akaweka wingu jeusi lililofunika nyota. Nilifundisha fizikia sekondari miaka mingi kabla ya kuingia kwenye dagaa, na ugonjwa wa kusahihisha haujaniisha.

Kitu cheusi kinaonekana, Mhariri. Mkaa nauona, na nikiuweka mbele ya taa unaziba mwanga. Maada hii haizibi chochote. Mwanga wa galaksi za nyuma unapenya katikati yake, isipokuwa uvutano unaupindisha kidogo, na kwa kupima kupinda huko wanaanga wanajua uzito umelala wapi na ni kiasi gani.

Mwanzo wake mliupita mbio. Mwaka 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi California, alichunguza kasi za galaksi chache za kundi la Coma, lenye galaksi zaidi ya 1,000. Akakuta kasi zake zinatofautiana kwa kiasi cha kilomita 1,000 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, kama uzito ungekuwa wa nyota tu, kundi lingeshatawanyika zamani. Halijatawanyika. Akasema basi kuna uzito usiotoa mwanga unaozishikilia. Kiwango alichotaja kilizidi mno, maana wakati ule umbali wa galaksi ulikuwa haujapimwa vizuri, lakini hoja yenyewe imesimama mpaka leo.

Usiku ukisimama hapa Katonga, taa za wavuvi zinajaa ziwani hadi unadhani kuna mji upande wa Kongo. Mgeni huhesabu taa. Sisi wanunuzi hatuna habari na taa. Alfajiri naangalia mtumbwi ukiwa bado mbali: ukingo ukibakiza vidole vinne juu ya maji, najua una mzigo kabla sijaona dagaa hata mmoja, na mkono unaingia mfukoni wenyewe. Zwicky naye aliangalia ukingo. Tofauti ni kwamba mimi mtumbwi ukifika nachungulia ndani, wakati wanasayansi hadi leo hawajanasa hata chembe moja ya maada hiyo.

Pia mmeandika kwamba ukiitoa maada hiyo, kinachobaki kwenye makundi ya galaksi ni nyota. Hapana. Katikati ya galaksi hizo imejaa gesi ya moto wa nyuzijoto makumi ya mamilioni, inayong'aa kwa eksirei, na uzito wake unazishinda nyota zote kwa mara kadhaa. Hata ukiijumlisha, zaidi ya asilimia 80 ya uzito bado haina mwenyewe. Mwaka 2006 watafiti walionyesha makundi mawili yaliyogongana, maarufu kwa jina la Risasi. Gesi za pande zote mbili zilisuguana zikabaki nyuma, galaksi zikapishana bila kugusana. Walipopima kupinda kwa mwanga, uzito mwingi haukuwa kwenye gesi bali ulikuwa umekwenda na galaksi. Ushahidi wa namna hiyo ulistahili walau aya moja, hata kwa kupunguza lile tangazo la magodoro.

Neno "giza" naliafiki. Zwicky mwenyewe, kwa Kijerumani, aliiita maada ya giza. Na kwetu giza halitishi mtu: mvuvi akisema giza limeingia, ana maana mwezi umeondoka na kazi imeanza. Ni kwenye mbalamwezi ndiyo tunakaa bure na bei inapanda. Kwa hiyo andikeni "maada ya giza", na mchoraji mwambieni afute lile wingu.

Mwalimu mstaafu, mnunuzi wa dagaa
Katonga, Kigoma