Tanga irudi ku ziwa Kivu, tuanze na proa

Bwana Mhariri,

Kila wiki gazeti yenu inaleta malalamiko ya bavuvi juu ya bei ya esansi na wote banazungumuzia moteri tu, kama vile upepo haiko. Kiangazi, kuanza mwezi wa 6 mpaka wa 8, upepo ya kusini inapiga ku ziwa letu na hakuna mtu anailipia hata franga moja.

Mimi ni fundi wa mbao hapa Goma na naomba tujaribu proa. Ni bato ya watu wa visiwa vya Pasifiki kama Marshall na Kiribati: mtumbwi moja mrefu, mwembamba, na kando yake kengine kadogo kanaitwa "ama", vimeunganishwa na miti. Hiyo "ama" inabaki siku zote upande upepo inatokea, uzito wake njo inazuia bato isipinduke. Basi ukitaka kugeuka haukate kona, mbele inakuwa nyuma, usukani unahamia mwisho ule mwingine, tanga inazunguka, unaenda. Bavuvi ba sambaza hawatashangaa, toka zamani banafunga pirogi tatu pamoja na miti mirefu ya ekaliptusi.

Tanga mimi nachagua ya jonki, ile ya Kichina. Fito zinavuka kitambaa chote na zenyewe njo zinabeba nguvu, kwa hiyo hata bashe nzuri inatosha. Mlingoti unasimama bila kamba za kuushikilia, na upepo ikikushika toka upande mubaya, hatari kubwa ya proa hiyo, unaachilia tu na tanga inazunguka mpaka nje bila kugonga kitu. Dhoruba ikishuka ku milima unalegeza kamba moja, ufito wa chini unalala, wa pili unaufuata, tanga imepungua na wewe umekaa palepale. Mwingereza Blondie Hasler alivuka Atlantiki peke yake na tanga ya namna hiyo mwaka 1960, siku 48, ku bato isiyofika mita 8.

Shida iko ku kamba za kuvutia tanga, lazima zivutike toka mwisho zote mbili na zinasokotana mbaya sana. Tena mguu wa mlingoti unataka mbao nguvu, msiuweke ku pirogi imezeeka.

Ninaomba wakubwa ba port batupatie kipande ya ufuko tujaribu na bato ya mita 5, mchana, kila mtu na jile yake. Na ninyi muulize mafundi wa Bukavu na Idjwi, nani yuko tayari?

Msomaji wenu, Goma