Makadirio ya walengwa yasomwe kwa tahadhari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mazoea yaliyokwisha kuota mizizi, ya kunukuu namba ambazo mitandao ya kijamii hutoa kabla tangazo halijarushwa, kana kwamba ni hesabu ya watu watakaoliona. Mtangazaji akiambiwa kuwa walengwa wake ni milioni mbili, kisha kampeni ikaisha imewafikia elfu sitini, hudhani ametapeliwa.

Kwanza, makadirio hayo huhesabu akaunti. Mtu mmoja anaweza kumiliki tatu, mwingine akadanganya umri siku ya kujisajili, na nyingine zikawa bandia tangu mwanzo. Mwaka 2017 mchambuzi Brian Wieser alibainisha kuwa Facebook iliwaeleza watangazaji kwamba ingeweza kuwafikia vijana milioni 41 wa Marekani wenye umri wa miaka 18 hadi 24, ilhali kwa takwimu za sensa ya nchi hiyo vijana wa rika hilo walikuwa milioni 31. Kampuni ilijitetea kuwa makadirio yake hayakukusudiwa kulingana na sensa. Utetezi huo haukuwa wa uongo, ila haukumfaa kitu aliyekwisha kupanga bajeti.

Hata akaunti zote zingekuwa za watu halisi, fedha ndiyo ingeamua. Nafasi ya tangazo hupatikana kwa mnada unaofanyika kufumba na kufumbua, na mwenye dau dogo au tangazo lisilovutia hupitwa. Isitoshe, makadirio yanaweza kujumuisha watumiaji wa mwezi mzima wakati kampeni ni ya siku tano. Tangazo lililoonyeshwa mara 100,000 nalo huenda limewafikia watu 25,000 tu, kila mmoja mara nne. Muuzaji asiye mwangalifu (au mwangalifu kupita kiasi) huitaja ile namba kubwa.

Ombi langu kwa wauzaji wa matangazo, na kwa waandishi wako wanaporipoti namba hizi, ni kwamba kila makadirio yaeleze yamehesabu nini, kwa siku ngapi na kwa bajeti gani. Mtangazaji naye aanze na fedha kidogo, apime watu waliofikiwa kweli, ndipo apange kampeni kubwa, akijua kuwa kuzidisha fedha maradufu hakuzidishi watu maradufu, kwa sababu walio rahisi kufikiwa ndio wanaotangulia kwisha.

Wako,
Mshauri wa masoko