Dokta, unajuaje ni homa au ni shibe?

Mwangaluka Dokta (najua joho bado ila mimi nshaanza kuzoesha mdomo),

Barua yako niliipata kitambo, ile ya utafiti wako wa udaktari wa kuweka sensa za kupima joto ndani ya seli za betri, sema ilikuwa giza, na we mtoto wa Kirumba unajua giza likiingia hili banda halilali, kila tajiri wa mtumbwi anataka taa zake jioni zimejaa chaji. Sasa mbalamwezi imetoka, wavuvi wamepandisha mitumbwi wanashona nyavu, ndo napata nafasi ya kukaa na kalamu.

Nikwambie kwanza kilichonikuta maana ndo kilinifanya niisome barua yako mara tatu. Kuna tajiri mmoja wa Igombe nlimtengenezea betri ya taa za dagaa, alichoka kubeba zile za risasi za maji, nzito halafu zikikaushwa chaji mara kadhaa zinakufa. Nikamfungia seli 24 za laptopu chakavu, zile ndogo za milimita 18 kwa 65, makundi matatu kila kundi seli nane, ikijaa inasoma volti 12.6. Na sikubahatisha bana, kila seli niliipima peke yake, ikajaa ikashuka, dhaifu nikaweka pembeni. Nikaweka na bodi ya kulinda na kasensa ka joto kamoja nikakabandika juu na selotepu.

Imepiga kazi miezi minne. Siku moja asubuhi imetoka ziwani iko kwenye chaji mezani kwangu, nanusa harufu tamu tamu hivi kama rangi ya kucha, kugeuka naona boksi la plastiki linapinda lenyewe. Nililivuta na reki mpaka nje nikalimwagia ndoo nzima ya mchanga, mapaja yanatetemeka. Kufungua kesho yake, seli moja ya KATIKATI kofia imefumuka, majirani zake wameungua ngozi, wale wa pembeni hata joto hawakulijua vizuri. Na dakika kumi kabla nlikuwa nimepima, makundi yote matatu yako sawasawa!

Ndo hapo maneno yako yakaniingia. Seli nane zikiunganishwa chanya kwa chanya zina volti moja tu, yule mgonjwa anajificha nyuma ya wenzake kama mwanafunzi asiyesoma anavyojificha kwenye kazi ya kikundi, na akishaanza kupiga shoti kwa ndani wale saba wanammiminia umeme wao wote yeye mmoja. Bodi inaona kundi, haioni mtu. Na kasensa kangu kako juu ya paa wakati moto uko jikoni.

Kwahiyo nakuelewa unapotaka kila seli iwe na sensa yake tumboni na kachipu kake ka kusemea. Ila hapo uliposema mnaitoboa nlicheka peke yangu mpaka wateja wakageuka, maana mimi seli naishika kama yai, we unaipiga tundu! Lakini nimeelewa sababu ya lile kabati la gesi ya agoni mnaloingiza mikono kwenye glovu, ile dawa ya ndani ikikutana na unyevu inatoa asidi kali, inakula hata hiyo sensa isipopakwa kinga. Halafu mkishaiziba mnaichaji na kuikausha mamia ya mara, mnailinganisha na ndugu yake ambaye hakutobolewa, muone kama upasuaji wenyewe ndo umemuua mgonjwa. Hiyo nimeipenda, huo ni ufundi.

Swali langu liko kwenye ile faiba. Umesema ni uzi wa kioo mwembamba kama unywele, unapitisha mwanga, sehemu moja inarudisha rangi fulani tu, na joto likipanda ile rangi inahama kidogo. Sawa. Lakini uzi ukivutwa nao rangi si inahama? Na seli ikichajiwa inavimba kidogo hata ikiwa nzima. Sasa unajuaje ni homa au ni shibe? Mimi ningeweka nyuzi mbili, mmoja umebanwa na seli, mwingine unaelea ndani ya kamrija usivutwe na kitu, huo usome joto peke yake, halafu hilo joto nalitoa kwenye usomaji wa ule uliobanwa, kinachobaki ndo uvimbe. Labda mshafanya hivyo, basi nisamehe kwa kujitia profesa.

Kupitisha ujumbe kwenye vile vibati vya nikeli vinavyobeba umeme, bila kuongeza waya, hapo umenimaliza. Ukiwa na seli mia ukaanza kuvuta waya mbili mbili kila moja utafuma mkeka. Ila najua inveta zinavyopiga kelele kwenye umeme, sijui huyo seli atasikika vipi.

Sasa ombi langu. Huyo chipu akumbuke, asiseme ya leo tu. Mimi seli zinanifikia uzee, sijui zilikochajiwa, zililala miaka mingapi zimekauka, zilipigwa jua la dirishani au vipi. Nikipima napata uwezo wa leo, historia sipati, na iliyonipasukia ilipima vizuri tu. Ulaya umeniambia kuanzia Februari 2027 betri za magari ya umeme na zile kubwa za viwandani lazima ziwe na pasipoti yake, yaani rekodi ya kidijitali ya betri yenyewe, hongera zao, betri yangu ya taa haifiki hata kilowati saa moja, haitapata pasipoti wala kitambulisho. Na nachoogopa zaidi ni kampuni kuweka hiyo kumbukumbu ndani halafu waifunge na nywila zao, hapo seli itakuwa inajua kila kitu ila mimi ninayeishika haniambii. Andika hilo kwenye hiyo tasnifu yako, hata mstari mmoja.

Mama yako nilimwona juzi Sengerema, mzima, nimepita daraja la Busisi kilomita tatu juu ya maji wala sijazoea, bado mguu unatafuta kivuko. Amekufungia dagaa, nimeziweka.

Ile seli iliyofumuka nayo nimekutunzia, iko kwenye kopo la mchanga nje ya banda, kwenye ndege najua hawaipokei. Desemba uje uipasue mwenyewe unionyeshe ilianzia wapi.

Fundi wako,
Kirumba

NB: shemeji yako anajua meza iliunguzwa na pasi. Tuiache hivyohivyo.